Je, Mchezo ni Mchezo Tu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tuliletewa swali ambalo mwanzo tulilidharau, kisha likatukosesha usingizi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyeisoma Kurani mbele yetu tangu utoto wake, aliuliza: "Sheikh, mtu akimwua mateka katika mchezo wa kompyuta, naye aliamriwa amwue, je, ana lawama?" Tukamjibu pale pale kwamba michezo hiyo ya bunduki ni haramu yote, yaua wakati na yaua haya, na mwenye akili haulizi zaidi ya hapo. Kijana akanyamaza kwa adabu. Lakini mzee mmoja katika waliohudhuria, aliyekuwa baharia katika ujana wake, na ambaye si desturi yake kusema darasani, akatuuliza: "Sheikh, huo mchezo umeuona?"

Hatukuwa tumeuona. Na sisi ndio ambao kwa miaka mingi tumewasomesha wanafunzi wetu ile kanuni mashuhuri ya wanazuoni wa usuli, kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Tuliona haya. Tukamwambia kijana atuonyeshe, naye akatukaribisha kwao, na kwa siku kadhaa baada ya Isha tukaketi nyuma yake tukitazama, huku mamake akituletea kahawa na kustaajabu kumwona maalimu mbele ya kompyuta. Haya tuyaandikayo ni matunda ya siku hizo, na ndani yake mna kukiri kosa letu, kwani mwenye kufutu kwa haraka hadharani yampasa arejee hadharani.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo waitwa Deus Ex. Ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Ion Storm, katika ofisi yake ya mji wa Austin, chini ya uongozi wa Warren Spector, ukatolewa mwaka 2000. Si mpya, basi. Wengine katika vijana wanaoucheza leo walikuwa hawajazaliwa ulipotoka. Hadithi yake yatokea mwaka 2052, katika dunia iliyoharibika. Maradhi yaitwayo Kifo cha Kijivu yaenea mijini, dawa ya kuyazuia iitwayo Ambrosia ni haba, na wenye mamlaka ndio wanaoipata kwanza ilhali mafakiri wafa njiani. Nyuma ya serikali zinazoonekana mna watu wasioonekana wanaozivuta kamba zao.

Msomaji asiseme kwamba haya ni ndoto tupu. Katika maradhi ya korona, Uingereza ilianza kuwachanja watu wake mwezi wa Desemba 2020, na chanjo za kwanza kuja Kenya zilifika tarehe 3 Machi 2021. Mwenye nguvu hutangulia kwenye foleni ya dawa. Hilo halikuhitaji kubuniwa na mtu.

Katika mchezo huu mchezaji hakai nje ya hadithi kama msomaji wa kitabu. Huvaa nafsi ya askari kijana aitwaye JC Denton, ambaye mwilini mwake mmetiwa mitambo midogo mno isiyoonekana kwa jicho, ikampa nguvu kupita za watu. Yeye ni wa jeshi la kupambana na magaidi, lililo chini ya Umoja wa Mataifa, liitwalo UNATCO. Kila kizuizi kina njia kadhaa za kukipita: kwa bunduki, au kwa kunyatia gizani, au kwa kufungua kufuli, au kwa kuzungumza na watu. Adui aweza kuuawa. Aweza pia kupigwa kirungu akazimia, au kuchomwa mshale wenye dawa ya usingizi. Na ndugu yake mkubwa, Paul, ambaye naye ni askari, humsihi tangu mwanzo ajizuie na kuua.

Lililotushangaza ni kuwa matendo yake hukumbukwa. Akiua sana, yuko mwenzake atakayemsifu, na yuko mzee wa ghala ya silaha atakayemkunjia uso. Hata akiingia choo cha wanawake katika makao ya jeshi lake, mkuu wake humwonya kwa utovu huo wa adabu. Tulipoliona hili tulicheka, kisha tukanyamaza, kwani twawajua watu wazima katika mji wetu wafanyao makubwa kuliko hayo wala hapana wa kuwaonya.

Sasa tulifikilie swali la kijana. Katika uwanja wa ndege wa LaGuardia, mjini New York, askari huyu atumwa kumwandama mtu aitwaye Juan Lebedev, mkubwa wa wale waitwao magaidi. Amkuta ndani ya ndege. Lebedev asalimu amri, hapigani, naye ana jambo ataka kulisema, jambo linalomhusu askari mwenyewe na ndugu yake. Hapo huingia Anna Navarre, askari mwenye cheo kuliko chake, akatoa amri: mwue.

Kijana alituambia: "Mara ya kwanza nilimpiga risasi, Sheikh. Niliamriwa. Nilidhani hapana njia nyingine."

Kumbe njia nyingine zilikuwepo. Aweza kukataa, na hapo Anna atamwua mateka kwa mkono wake mwenyewe. Aweza pia kumkinga mateka kwa silaha dhidi ya Anna, na mateka akasalimika. Na kumzuia dhalimu kwa kadiri ya haja ni mlango maarufu katika fikihi yetu. Lakini mchezo haumwelezi mchezaji haya. Waliouunda wameuacha mlango wa pili wazi, wala hawakuutia alama.

Hoja ya wasemao ni mchezo tu

Wengi hulikata swali hili kwa maneno mawili: mchezo tu. Na maneno haya yana haki yake, wala hatutaki kuyatupa. Dini yetu haikuja kuukunja uso wa mwanadamu. Imethubutu kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki katika msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, siku ya Idi, naye akamkinga Bibi Aisha apate kuwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Imethubutu pia kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake akiwachezea nyumbani kwa Mtume. Ama sataranji, ambayo asili yake ni mfano wa vita vya majeshi mawili, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameiona kuwa ni makuruhu maadamu haimpitishi mtu sala wala haina kamari ndani yake. Hapana aliyesema kwamba mwenye kumla askari wa mti ameua nafsi. Nasi hapa pwani tumezaliwa tukawakuta wazee wetu wakila kete za wenzao katika bao mpaka jua likachwa, wala hatukupata kusikia mtu akiwaita wezi.

Basi dhambi ya kuua haimo mchezoni, kwani hakufa mtu. Mwenye kusema kwamba kijana yule ana damu shingoni mwake amesema uongo, na uongo unaosemwa kwa jina la dini ni mzito kuliko mchezo. Sisi tulikuwa karibu kuusema.

Lakini kete ya bao haiinui mikono. Haina neno ambalo yataka lisikizwe kabla ya kuliwa, wala mchezaji wa bao haamriwi na mkubwa wake. Mchezo huu umeweka mbele ya mtu mfano wa jambo ambalo moyo walijua: mateka, na amri, na silaha mkononi, na chumba kisicho na shahidi. Risasi ni ya uongo. Ama uamuzi, aliyeuamua ni nani? Si JC Denton, kwani huyo hana moyo. Aliyeamua ni kijana wetu, ameketi juu ya kiti kwao, na kahawa ya mamake kando yake.

Twayasema haya kwa hadhari. Hatudai kwamba achaguaye ubaya katika mchezo ni mtu mbaya. Wako wachaguao ili waone hadithi itakwendaje, kama msomaji afunuavyo ukurasa. Na vitendo hupimwa kwa nia, jambo ambalo kila mtoto wa chuoni alijua. Lakini kijana huyu hakusema kwamba alitaka kuona hadithi itakwendaje. Alisema kwamba aliamriwa. Mchezo wa namna hii ni kama kioo, na mtu akiiona aibu ya uso wake kiooni hajifariji kwa kusema kwamba ni kioo tu.

Je, aliyeamriwa ana udhuru?

Tukiuweka mchezo kando tukalitazama swali lenyewe, sharia yetu imelijibu zamani. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume alimtuma Khalid bin al-Walid kwa watu wa Banu Jadhima. Watu hao walitaka kusema kwamba wamesilimu, lakini hawakulijua vyema neno la kulisemea jambo hilo. Khalid hakuwakubalia, akawaua wengine na wengine akawashika mateka, kisha akaamuru kila mtu amwue mateka wake. Abdullah bin Umar akakataa, na wenzake wakakataa. Walikuwa askari, na Khalid alikuwa amiri wao aliyewekwa na Mtume mwenyewe. Juu ya hayo hawakuua. Habari ilipomfikia Mtume aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na alilolitenda Khalid, akalikariri hilo mara mbili. Ama waliokataa, hatukupokea kwamba aliwalaumu.

Ewe ndugu msomaji, linganisha. Mateka mwenye neno asiyesikizwa. Amri itokayo juu. Na askari kati ya mawili. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu kabla ya mtu kuibuni ile ndege ya Lebedev, Ibn Umar alikwisha kuuona mlango wa pili akaupita.

Na haikuwa mara moja tu. Amiri mwingine, aliyewekwa na Mtume juu ya kikosi, aliwakasirikia watu wake akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Wakatazamana, wakasema kwamba wao walimkimbilia Mtume ili waukimbie moto. Wakasitasita hivyo mpaka moto ukazimika na hasira za amiri zikatulia. Mtume alipoambiwa alibainisha kwamba lau wangaliuingia wasingalitoka tena, na kwamba utiifu ni katika mema peke yake. Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Hakusema kwamba wangalikuwa mashahidi wa utiifu. Alisema kwamba wasingalitoka.

Wanazuoni nao wamekwenda mbali zaidi. Wamekubaliana kwamba hata aliyelazimishwa, kwa kuambiwa, "Mwue fulani au tutakuua wewe," hana ruhusa ya kumwua asiye na hatia, kwa kuwa nafsi yake si bora kuliko nafsi ya mwenziwe. Ikiwa hofu ya kifo haihalalishi, basi hofu ya kukasirikiwa na mkubwa itahalalisha vipi? Hofu ya kuachishwa kazi? Hofu ya kuchekwa na wenzi?

Mambo yasiyo mchezo

Lau swali hili lingekuwa la kompyuta peke yake, tusingalilitilia wino. Lakini sisi watu wa Kenya tumeyaona kwa macho yetu.

Tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, wakaua watu 148. Walikuja kwa jina la dini yetu, na dini yetu iko mbali nao. Mmoja wa wauaji alikuwa kijana wa Kenya aliyehitimu sheria katika chuo kikuu. Hakuwa mjinga. Alijua kusoma, alijua kujadili, alijua sheria ya serikali yasemaje juu ya kuua. Lakini palipotoka amri kwa yule aliyemkubali kuwa amiri wake, hakukuta ndani ya nafsi yake mahali pa kusimama akasema la.

Mwaka ule ule, tarehe 21 Desemba, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki karibu na El Wak. Wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, na wako wanawake waliowapa wenzao Wakristo mitandio yao wajifunike wasijulikane. Katika waliokataa alikuwemo mwalimu mmoja, Salah Farah, naye akapigwa risasi. Alikaa hospitali karibu mwezi mmoja, kisha akafariki mwezi wa Januari 2016. Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye hakuwa na kitufe cha kubonyeza wala kirungu cha kuzimishia watu. Alikuwa na ulimi na kimo chake, akavisimamisha.

Tena isidhaniwe kwamba mtihani huu ni wa wenye kubeba bunduki msituni peke yao. Katika mchezo ule mateka alikuwa ameitwa gaidi, na jina hilo likatosha kuwa hukumu, hata neno alilotaka kusema halikuwa na wa kulisikiza. Watu wa pwani twaujua uzito wa jina hilo. Ziko nyumba katika miji yetu ambamo mtu alichukuliwa usiku na mpaka leo mamake angali akingoja hodi. Aliyemchukua naye aliamriwa, na kwake ana watoto, na huenda asali katika safu moja na sisi. Hatumjui, wala hatumtaji mtu. Twasema tu kwamba amri ya kumwua aliyesalimu amri haina rangi: ivikwe sare au ivikwe kilemba, ni amri ile ile, na mwenye kuitekeleza atasimama mbele ya Mola wake peke yake, na aliyemwamuru hatakuwapo kumjibia.

Mlango usiotiwa alama

Usiku wa mwisho kijana alitupeleka kwenye mkasa mwingine wa hadithi ile. Huyu JC amekwisha kujua kwamba wakubwa wake ndio waovu, na ndugu yake Paul yu mgonjwa katika chumba cha hoteli. Askari waja kuwashika. Paul amwambia nduguye akimbie kwa dirishani. Mwenye kutii akatoka kwa dirishani, nduguye hufa. Mwenye kubaki akapigana na kutoka kwa mlango wa mbele, nduguye husalimika, na hadithi yaendelea naye akiwa hai. Kijana alikiri kwamba katika mkasa huu pia, mara ya kwanza, alipita dirishani kama alivyoambiwa.

Tukamuuliza: "Mbona hukukaa na nduguyo?"

Akatujibu bila ya ujeuri wowote: "Maalim, mimi nikiambiwa jambo na mkubwa sikuzoea kutazama kama liko jingine."

Neno hili lilituchoma, na ndilo lililotutoa usingizi. Kwani ni nani aliyemzoeza? Aliingia chuoni petu akiwa na umri wa miaka sita. Tulimfundisha herufi, na tajwidi, na sala. Na pamoja na hayo tulimfundisha kwamba mwenye kuuliza "kwa nini" ni mtovu wa adabu. Bakora ilikuwa karibu na mkono wetu. Siku alipouliza swali lake darasani, alipokuja kwa wasiwasi wa kweli wa moyo wake, tulimnyamazisha kwa neno haramu kabla hatujajua alichokuwa akikiuliza. Mchezo haukumfundisha kijana huyu kutii pasipo kutazama. Mchezo ulimfichulia tu kwamba amekwisha kufundishwa, na waliomfundisha ni sisi.

Sisi wa duru hii twajinasibu na islahi. Twawalaumu wafuatao mila za mababu pasipo dalili. Twawalaumu walao ubani na halua katika makaburi kwa kuwa waliwakuta wazee wao hivyo. Lakini je, taklidi ni ya makaburini tu? Mtoto aliyezoezwa kumfuata maalimu pasipo dalili, siku atakapompata maalimu mwovu atamfuata vile vile, kwani miguu yake haijui njia ya kukataa. Adabu ni jambo tukufu, wala hatutaki watoto wawe wajeuri. Lakini adabu ya Ibn Umar kwa amiri wake ilikuwa kubwa kuliko adabu zetu zote, nayo haikumzuia kusema la.

Kurudi nyuma

Liko jambo moja ambamo mchezo wamdanganya mchezaji, nalo yapasa lisemwe waziwazi. Mchezaji aweza kuiweka hadithi mahali ilipo, akatenda, na tendo likimchukiza akarudi pale alipoweka kama kwamba hakutenda. Kijana alimwua Lebedev, akarudi, akamnusuru. Akamwacha nduguye, akarudi, akamwokoa. Mikono yake i safi.

Duniani hapana kurudi. Mtu hudhani kwamba toba ndiyo kurudi kwetu, na hili ni kosa. Toba yafuta dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Ama haki ya mwanadamu haifutiki mpaka irudishwe au mwenyewe asamehe. Katika mkasa ule wa Banu Jadhima, waandishi wa sira wametupokelea kwamba Mtume alimtuma Ali bin Abi Talib na mali, akalipa dia za waliouawa, akalipa kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Hata hivyo waliokufa hawakufufuka. Kijana azoeaye kurudi nyuma kila akosapo yampasa ajikumbushe mara kwa mara kwamba hilo ni la mchezo, na kwamba nje ya chumba chake kila kitu chaandikwa mara moja.

Mwisho wa hadithi

Hadithi yenyewe yaishia katika jangwa la Nevada, Marekani, mahali paitwapo Area 51, na hapo mchezaji huwekewa njia tatu. Ya kwanza, ashirikiane na wale wakubwa wa siri waitwao Illuminati, waitawale dunia tena kwa kujificha. Ya pili, aungane mwili na akili na mashine kubwa iitwayo Helios, ili mashine hiyo iwatawale watu wote kwa ujuzi wake wa kila habari. Ya tatu, aviharibu vyombo vya mawasiliano ya dunia nzima, watu warudi katika vijiji vyao na giza lao, kila mahali pajitawale penyewe.

Kijana alituuliza ipi iliyo bora. Tulifikiri sana, kisha tukamwambia kwamba zote tatu zina kasoro moja: mtu mmoja, usiku mmoja, ndani ya jengo moja, awaamulia watu wote wa ardhi pasipo kumwuliza hata mmoja wao. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na hiyo shura ndiyo iliyokosekana katika mlango wote watatu. Ya Helios ndiyo iliyotutisha zaidi, kwa kuwa ina sura ya wema. Mashine isiyokula rushwa, isiyochoka, isiyo na ukoo wa kuupendelea, nani asiyeitamani? Lakini huko ni kutafuta tena wa kumtii pasipo kumtazama. Mwanadamu akichoka kubeba uamuzi wake hutafuta bega la kuutua: leo bega la amiri, kesho bega la mashine. Na mzigo huu hautuliki. Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba hakuna mwenye kubeba atakayebeba mzigo wa mwingine.

Hukumu yetu

Basi tunairejea fatwa yetu ya kwanza, na badala yake twasema haya.

Kwanza: mchezo wa namna hii hauwi haramu kwa kuwa ndani yake mna mfano wa vita peke yake. Ukimpitisha mtu sala, au ukimla saa za kazi na za masomo, au ukiwa na kamari ndani yake, hapo uharamu umeingia kwa sababu hizo, kama ungalivyoingia katika bao.

Pili: anayemwua mateka katika mchezo hana damu. Lakini ikiwa alimwua kwa kuwa aliamriwa tu, na moyo wake haukusita, basi na ajiulize juu ya moyo huo kabla haujapewa amri ya kweli. Kusita ni neema. Wale walioamriwa kuuingia moto waliokolewa kwa kusita.

Tatu: mzazi na asiupige marufuku mchezo asioujua. Na aketi nyuma ya mwanawe hata usiku mmoja, amwulize, "Hapa umechagua nini, na kwa nini?" Huenda akayasikia ambayo asingaliyasikia kwa mwaka mzima mezani.

Nne, nalo latuhusu sisi maalimu kabla ya wengine: mtoto akiuliza, asikizwe. Tumeazimia katika chuo chetu kwamba kila siku ya Alhamisi, baada ya kusoma, wanafunzi watauliza watakalo, na bakora itakaa nje. Ikiwa hatujui jawabu tutasema kwamba hatujui. Kijana mwenye swali lile ndiye tuliyemwomba aisimamie saa hiyo. Alitaka kukataa kwa haya, tukamwambia kwamba anayo ruhusa ya kukataa, akacheka, akakubali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe utiifu wa wenye kuona, na atupe ujasiri wa kusema la mahali pa la, na awarehemu waliosema la wakafa kwayo. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.